Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kulipa

Mtu wa Shinyanga akienda kununua baiskeli huikagua kila kiungo. Atapiga kengele, atazungusha pedali, atatikisa keria aone kama itahimili gunia la mpunga, ataliinua gurudumu la mbele na kulizungusha huku amefumba jicho moja kuona kama ringi imenyooka. Siku tairi likiisha, mtu huyohuyo anauliza maswali mawili tu dukani: "Bei gani?" na "Lina meno?" Akisikia bei ndogo na akaona meno makubwa, analipa na kuondoka ameridhika. Kwa maoni yangu, maswali hayo mawili ndiyo yanayotumalizia pesa sisi tunaoishi kwa baiskeli, na ndiyo yanayowafanya wenye maduka ya spea waendelee kutuletea matairi yasiyofaa kwa kazi tunayoyapa.

Nafundisha fizikia katika sekondari ya kata, nje ya mji wa Shinyanga. Nyumbani kwangu ni mjini. Asubuhi naanza na lami ya barabara ya Tinde, nikipishana na mabasi na malori ya Mwanza. Nikiiacha lami nakutana na changarawe iliyochongwa na greda, kisha njia ya mchanga inayofuata korongo, na mwisho, karibu na shule, udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo kiangazi hupasuka nyufa, na masika huganda ndani ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Safari moja, ardhi nne. Siwezi kuwa na tairi la lami na tairi la porini. Nahitaji tairi moja liziweze zote, na lidumu. Hali yangu ndiyo hali ya muuza maziwa, ya mhudumu wa afya wa kijiji, ya kijana wa daladala ya baiskeli pale stendi, na ya mamia ya wanafunzi wa mkoa huu.

Hao wanafunzi ndio wanaonifanya niandike. Shule za kata zilipojengwa zilisogeza elimu karibu na vijiji, lakini karibu kwenye ramani si karibu kwa miguu, na mzazi mwenye uwezo kidogo humnunulia mtoto baiskeli. Kuna msichana wa kidato cha tatu ambaye alikuwa akifika kipindi cha pili kinaisha, jasho linamtiririka, baiskeli anaikokota. "Shikamoo madamu. Pancha tena." Siku moja wakati wa mapumziko tukaigeuza baiskeli yake kichwa chini. Tairi la nyuma lilikuwa na meno mazuri kabisa, marefu, kama lilivyotoka dukani. Ila pale katikati ya meno ukibonyeza kwa kidole gumba ulihisi tyubu upande wa pili, na ubavuni nyuzi zilikuwa zimeshaanza kutoka nje. Baba yake, mkulima wa pamba, alikuwa amelinunua baada ya mavuno kwa sababu lilikuwa jipya, lina meno, na bei nafuu. Mtoto yule alikosa vipindi vya hesabu na fizikia kwa sababu ya mpira mwembamba kuliko jalada la daftari. Siwezi kulichukulia jambo hilo kuwa dogo.

Tuanze na ukubwa, maana hapo pesa hupotea hata kabla tairi halijagusa barabara. Watu wetu husema "inchi 28" na wanadhani wamemaliza. Baiskeli nyeusi za mzigo, Phoenix za China na nyingi za India, huvaa tairi lililoandikwa 28 x 1½. Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya nazo nyingi huitwa za inchi 28, lakini tairi lake limeandikwa 28 x 1 5/8 x 1 3/8, au 700C. Hizo ni 28 mbili zisizojuana. Tazama ubavuni, penye maandishi madogo yaliyofinyangwa kwenye mpira, utaona jozi ya namba zilizounganishwa kwa kistari. La Phoenix litasoma 40-635. La mtumba wa Ulaya litasoma 37-622 au linalokaribia hapo. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale ukingo wa tairi unapokaa, nacho pia kwa milimita. Kati ya 635 na 622 kuna milimita 13, na milimita hizo hazina suluhu. Tairi dogo haliingii kwenye ringi kubwa. Kubwa linaingia kirahisi kwenye ringi ndogo, na hilo ndilo la hatari, kwa sababu ukilijaza upepo linachomoka.

Fundi wangu, mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini karibu na soko, amechoka kuwaeleza watu. Nilikuwepo kijana alipomletea tairi la 622 na gurudumu la Phoenix. Mzee alilipima kwa macho tu, akalirudisha. "Mwanangu, hili haliingii hata ukileta nyundo na shoka la kupasulia kuni. Rudi dukani kabla halijachafuka." Kijana alirudi, akaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa inchi 26 mambo ni hayohayo. Baiskeli za mtumba za Kijapani, zile zenye kikapu mbele ambazo walimu na wauguzi wengi tunazipenda, huvaa 26 x 1 3/8, yaani 37-590. Baiskeli za gia zenye matairi manene huvaa 26 x 1.95 au zinazofanana, na namba yake ya pili ni 559. Tofauti ni milimita 31. Ukiona sehemu, kama 1 3/8, na ukiona desimali, kama 1.95, jua hizo ni familia mbili tofauti. Kuna habari njema moja katika vurugu hili: kinachoitwa inchi 29, kinachoitwa 700C na ile 28 ya Ulaya vyote vinakaa kwenye 622. Kinachotofautiana ni upana. Mwenye baiskeli ya mtumba yenye tairi jembamba la 32 anaweza kuweka la 40 au la 42 bila kubadilisha ringi, mradi fremu na madigadi vina nafasi. Nafasi hiyo aipime kwa kidole kabla ya kununua, na akiwa mtu wa mbuga aongeze nafasi ya tope.

Sasa meno. Najua hapa nitapingwa, kwa kuwa imani kwamba tairi lenye meno makubwa ndilo imara imeota mizizi. Meno yana kazi yake, nayo ni kuuma udongo laini wenye unyevu, kama wa shamba lililolimwa au njia ya mlimani yenye majani. Juu ya lami hayana cha kuuma. Yanapinda kila yanapogusa chini, na nguvu ya miguu yako inaishia kuyapinda. Ule mvumo unaousikia baiskeli ya gia ikipita ni nguvu hiyo ikipotea. Yanalika upesi, tena vibaya, kwa sababu uzito wote unabebwa na vichwa vichache vya mpira badala ya utepe mzima. Kwenye changarawe yanashika vijiwe katikati yake na kuvibana dhidi ya sehemu nyembamba kuliko zote, pale bondeni kati ya jino na jino. Kwenye mchanga hayasaidii chochote. Kinachokufanya uelee mchangani ni upana na upepo mdogo. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga masika? Baada ya mizunguko michache yamejaa, na unaendesha tairi lisilo na meno kabisa, zito maradufu.

Watu huogopa kwamba tairi laini litateleza kwenye lami yenye maji. Gari linaweza kupanda juu ya maji kwa sababu tairi lake ni pana, bapa, na mwendo ni mkali. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, linayakata maji lenyewe kwa mwendo wowote ambao mwalimu au muuza maziwa anaweza kuufikia. Kinachoshika lami ni mpira wenyewe ukigusana na kokoto zake. Tairi ninalolipigania lina katikati iliyofungamana, utepe usiokatika au wenye mifereji myembamba tu, na vijino vidogo mabegani kwa ajili ya mchanga na changarawe unapokata kona. Upana wake ni milimita 37 hadi 47 kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi. Tairi la asili la Phoenix lenye mistari, lile ambalo vijana wanalidharau kuwa la wazee, lilifuata wazo hilo tangu zamani, na waliolibuni walijua wanachokifanya.

Nikifika kwenye unene, nafika kwenye mbigiri. Asiyeishi huku huenda hamjui adui huyu. Ni mmea unaotambaa chini, una maua madogo ya njano, unaota pembezoni mwa njia mara baada ya mvua. Tunda lake likikauka linagawanyika vipande vitano, na kila kipande kina miiba miwili mirefu na mingine mifupi. Kwa umbo lake, kikianguka vyovyote vile, lazima mwiba mmoja utazame juu. Mwezi wa sita na wa saba njia zetu zimejaa vipande hivyo. Juu ya mbigiri kuna migunga. Mkoa huu ulikuwa umekaribia kuwa jangwa mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 na wananchi wakarudisha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, na migunga imerudi pamoja na ngitili hizo. Nafurahi kila ninapopita kwenye kivuli chake. Kivuli hicho kimekuja na miiba yake, na kazi ya kuikabili miiba tuliachie tairi.

Hata mwiba mrefu wa mbigiri, hesabu yake ni milimita tu. Kwa hiyo mpira mnene katikati ya tairi unaushinda bila teknolojia yoyote. Wasafiri wa mbali wanaopita kwenye barabara zetu na baiskeli zilizosheheni mabegi mara nyingi hutumia matairi ya Schwalbe ya Ujerumani, na lile liitwalo Marathon Plus lina tabaka la mpira laini lenye unene wa milimita 5 chini ya mpira wa nje. Mwiba unachoma, unaishia humo, hauifikii tyubu. Watengenezaji wengine huweka utepe wa nyuzi ngumu za aina ya kevla, ambao ni mwepesi na unazuia vioo vizuri, ingawa mwiba mwembamba wakati mwingine hupenya katikati ya nyuzi. Matairi hayo ni adimu katika maduka yetu, lakini wazo lake halina hatimiliki. Dukani chukua matairi mawili ya namba ileile, moja kila mkono. Mara nyingi lililo zito ndilo lenye mpira mwingi. Kisha weka kidole gumba ndani na cha shahada nje, ubane katikati, halafu ubane ubavu. Ubavu ukibonyea kama karatasi, liache. Ukunje ubavu kidogo uutazame kwenye mwanga: ukiona mipasuko midogomidogo, tairi hilo limening'inizwa juani nje ya duka kwa muda mrefu, na ni jipya kwa jina tu.

Usihofu tairi lenye waya ukingoni. Yale yanayokunjika yenye ukingo wa nyuzi ni mepesi na ghali, na wepesi huo kwa baiskeli ya kilo 20 yenye dumu la maji nyuma hauna maana yoyote. Ukiona namba ya nyuzi kwa inchi, 27 au 30 ni nyuzi nene zinazovumilia kukwaruzwa na mawe, 120 ni nyembamba na laini kwa wanaoshindana. Matairi ya rangi siyataki. Weusi wa tairi unatokana na masizi ya kaboni yanayochanganywa kwenye mpira, na masizi hayo ndiyo yanayoupa nguvu ya kutolika na kuvumilia jua letu.

Kuna adui mwingine ambaye tairi nene halimalizi: nyaya. Tairi la lori likipasuka barabarani linaacha vipande, na ndani ya vipande kuna nyuzi za chuma nyembamba kuliko sindano. Malori yakivisaga, nyuzi hizo hubaki kwenye bega la lami, mahali hasa ambapo sisi tunaendesha. Moja ikiingia kwenye mpira inakaa. Inatembea taratibu ndani kila gurudumu linapozunguka, mpaka siku moja tyubu inatoa upepo polepole na huoni kilichoitoboa. Fundi mwenye haraka anaziba, anarudisha, analipwa, na kesho yake uko palepale.

Mzee wangu chini ya mwarobaini hafanyi hivyo. Akishatoa tyubu na kuitia kwenye karai la maji kuona mapovu, anaitandika juu ya tairi kwa kuoanisha na tundu la vali, ajue tobo linaangukia sehemu gani ya tairi. Halafu anachukua tonge la pamba, pamba mbichi ya shambani ambayo huku haikosekani, na kulipitisha ndani ya tairi taratibu, mzunguko mzima, kwenda na kurudi. Uzi wa chuma ambao kidole kisingeuhisi, au kingeuhisi kwa kuchomwa, unanasa nyuzi za pamba. Anaona kishada cheupe kimebaki nyuma, anainama, anauchomoa kwa kikatio cha kucha, anauweka kwenye kiganja changu. "Madamu, huyu ndiye mwenye pancha. Ile nyingine ilikuwa ni dalili." Ndipo anasugua tyubu kwa msasa, anapaka solusheni nyembamba, anasubiri ikauke mpaka haing'ai tena, na kubandika kiraka. Kusubiri huko ndiko kunakotofautisha kiraka cha mwaka na kiraka cha wiki. Kila mwendesha baiskeli anaweza kufanya kazi hiyo, na tonge la pamba lingefaa kukaa kwenye kila kifuko cha vifaa.

Upepo nao tunaukosea. Vijana wa daladala hujaza mpaka tairi linalia ukiligonga, wakiamini gumu ndilo jepesi. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua kanuni: kani sawa na kanieneo mara eneo. Gurudumu la nyuma likibeba kilo 50 na upepo ukiwa psi 40, sehemu inayogusa ardhi ni karibu sentimita za mraba 18. Ukipandisha hadi psi 60, inashuka hadi karibu 12. Kwenye lami iliyonyooka hilo linasaidia kidogo. Kwenye changarawe, tairi gumu linarukaruka juu ya kila jiwe, na kila mruko ni nguvu uliyoitoa miguuni ikapotelea kwenye mgongo wako. Tena mpira uliokazwa hukatika kirahisi kwa ncha ya jiwe, wakati uliolegea kidogo unaikumbatia. Upepo ukipungua mno, ringi inashuka na kuibana tyubu kwenye jiwe, unapata matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiyaona hayo mawili, usimtafute mwiba, tafuta pampu. Kipimo kinachotumiwa na wasafiri wa mbali ni kwamba ukikaa kwenye siti tairi lishuke kama asilimia 15 ya kimo chake, yaani milimita 6 hivi kwa tairi la 40. Kwa wengi wetu hiyo ni psi 40 hadi 50 nyuma na chini kidogo ya hapo mbele. Aliyebeba abiria au gunia aongeze, bila kuvuka namba iliyoandikwa ubavuni.

Likizo ya mwezi wa sita napenda kuelekea Singida. Unapita Tinde, unaingia barabara kuu ya malori ya Rwanda na Burundi, Nzega, Igunga, kisha mbuga ya Wembere ambako upepo unavuma usoni kutoka asubuhi na hakuna pa kujificha, halafu Shelui na mlima Sekenke. Njia kuu ni lami, lakini malori mawili yakipishana unalazimika kushuka begani, na bega ni changarawe yenye makali. Ukitafuta pa kulala unakatia vijijini kwa njia za mchanga. Safari ya namna hiyo haihitaji tairi la pekee. Tairi lilelile la kazini linatosha, mradi la nyuma liwe imara. Sehemu kubwa ya uzito iko kule, na pancha nyingi hutokea kule. La mbele likiwa bado zima na la nyuma limekwisha, nalihamishia la mbele nyuma na kuweka jipya mbele, kwa sababu tairi la mbele likipasuka kwenye mteremko wa Sekenke linaangusha, la nyuma linayumbisha tu. Nabeba tairi la akiba hata kama ni la waya: linakunjwa mizunguko mitatu na kufungwa juu ya keria. Chini ya tyubu naweka utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu kufunika vichwa vya spoki, maana pancha zinazotokea upande wa ndani hakuna tairi duniani linaloweza kuzizuia.

Nimeulizwa mara nyingi na walimu wenzangu kama haya yote si ya wenye pesa. Tupige hesabu ya mfano, kila mtu aweke bei za duka lake. Tuseme tairi dhaifu ni shilingi 10,000 na linadumu miezi minne: kwa mwaka ni 30,000. Tuseme linapata pancha mbili kwa mwezi kwa shilingi 1,000 kila moja: ni 24,000 zaidi, jumla 54,000. Tairi nene tuseme ni 22,000, linamaliza mwaka, na pancha sita katika mwaka huo: jumla 28,000. Mkulima wa pamba hana tatizo la hesabu hii. Tatizo lake ni kwamba siku anaponunua ana 10,000 mfukoni, na pembeni ya lile la 10,000 mara nyingi lile la 22,000 halipo kabisa. Mwenye duka anasema haleti kwa kuwa haliulizwi. Mteja haliulizi kwa kuwa hajaliona. Mduara huo uvunjwe na wenye mtaji mkubwa, yaani mwagizaji na mwenye duka. Pikipiki ziliwekewa matairi ya kazi mara tu boda zilipozagaa, kwa sababu waagizaji waliona kuwa zile ni mashine za kazi. Baiskeli inayobeba abiria, mkaa, maziwa na watoto wa shule ni mashine ya kazi zaidi ya pikipiki nyingi za mjini, na bado tunaletewa matairi ya kuchezea.

Naomba waagizaji walete 40-635 na 37-590 zenye katikati nene, kwa wingi wa kutosha bei ishuke. Wenye maduka waandike ubaoni namba hizo pamoja na 622 na 559, na waruhusu mteja kulishika tairi kabla ya kulipa. Asasi na watu wema wanaogawa baiskeli kwa wanafunzi, ambao nawashukuru kwa dhati, waongeze kwenye kila baiskeli pampu na tairi moja la akiba la daraja la mzigo, hata kama idadi ya baiskeli itapungua kidogo, maana baiskeli iliyolala nyumbani na pancha haimfikishi mtoto shuleni.

Kwa upande wangu nimeomba nafasi kwenye kikao cha wazazi cha muhula huu. Nitakuja na vipande viwili vya tairi vilivyokatwa kwa msumeno, kimoja cha lile la msichana wa kidato cha tatu na kimoja cha tairi la Phoenix lenye mistari, kila mzazi apime unene kwa kidole chake. Mzee wa chini ya mwarobaini amekubali kuja na karai lake, solusheni na pamba.